Chupa Tuliyoitikisa

Risala ya wafanyakazi wa usafi, udobi na mapokezi wa kituo cha afya, siku ya kufunguliwa kwa jengo jipya la kufulia

Mgeni rasmi, Mheshimiwa Mkurugenzi wa Huduma za Afya, mganga mkuu wa kituo chetu, wauguzi, wagonjwa mlioomba ruhusa kutoka vitandani ili mje kusikiliza, na akina mama mliobeba watoto. Tunawasalimu nyote kwa mikono ambayo leo, kwa mara ya kwanza wiki hii, imekauka.

Karibu

Mgeni rasmi, karibu sana. Sisi ni wale ambao huwaoni unapokagua kituo, maana ukipita wewe sakafu imeshapigwa deki na shuka zimeshatandikwa. Tuko kumi na mmoja. Hatujawahi kusoma risala mbele ya mtu yeyote, na tangu jana tumekuwa tukigombania nani atashika karatasi bila kuilowesha jasho.

Ratiba imetuandikia cha kusema, nacho ni shukrani kwa jengo la kufulia. Tunashukuru, tena kwa moyo mweupe. Boila jipya ni la umeme na lina kipimo cha joto. Lile la zamani lilikuwa la kuni, lilitutoa machozi miaka yote, na kuni zenyewe zilitosha kuliwasha siku mbili tu kwa wiki, Jumanne na Ijumaa. Tunakuomba uzishike siku hizo mbili, Mheshimiwa. Tutazirudia.

Jambo moja kabla ya kuendelea. Anayesoma risala hii ndiye aliyeiandika. Mara ya kwanza aliandika "mimi" kila mahali. Tulikaa kikao nyuma ya kamba za kuanikia, tukazifuta zote. Kwa hiyo utasikia habari za mfagizi mmoja ambaye sisi humwita Kimya. Usihangaike kumtafuta kwa macho. Yaliyompata yametupata sote, na alilolikosea tumelikosea sote.

Tulikotoka

Chumba namba sita kilikuwa stoo ya vitanda vilivyovunjika. Miaka minne iliyopita vitanda vikatolewa, ukuta ukapakwa rangi, ikaletwa mashine ya altrasaundi, na nyuma yake akaja mwanamke mfupi mwenye miwani iliyofungwa uzi. Ndiye fundi wa picha. Kila mtu kituoni humwita Shangazi, hata wanaomzidi umri.

Kimya aliajiriwa mwezi huohuo. Alisoma mpaka darasa la saba, basi. Kazi yake ilikuwa kufuta kitanda baada ya kila mgonjwa, kuwashika mkono akina mama wakipanda na kushuka, na kutogusa mashine. Lile la mwisho aliambiwa mara tatu. Hakuigusa. Lakini macho hayakukatazwa.

Wakati huo wodi mpya ya wazazi ilikuwa bado tupu, haijapata kitanda wala pazia. Siku moja Kimya alikuwa akiipiga deki peke yake, ndoo ikamponyoka. Mlio ukaenda hadi ukuta wa mwisho, ukarudi. Akaona raha. Akaigonga tena, safari hii amefumba macho, akasogea hatua kumi, akagonga, akasogea. Akagundua kwamba anaweza kujua ukuta uko mbali au karibu bila kuutazama. Shangazi alikuwa akipita, akasimama mlangoni.

"Wee mtoto, umepatwa na nini?"

"Shikamoo, Shangazi. Nausikiliza ukuta."

"Marahaba. Na ukuta unasemaje?"

"Unasema uko mbali."

Tulio wengi tungecheka. Shangazi hakucheka. Alivua miwani, akaifuta kwa upindo wa koti lake jeupe, akamtazama vizuri yule msichana mwenye ndoo.

"Ukimaliza hapa njoo chumba namba sita. Nikuonyeshe mashine inayofanya kazi yako."

Tulichokiona

Mheshimiwa, wewe ni msomi na haya unayajua. Sisi hatukuyajua. Tunaomba utuache tuyaseme kwa namna yalivyotuingia, kwa sababu Kimya alikuja kutusimulia kwenye kamba za kuanikia akiwa bado ameshika mdomo, na tangu siku hiyo hatujawahi kuliangalia tumbo la mtu kama zamani.

Ile mashine ina kichwa kinachoshikwa mkononi, ukubwa wake kama kipande cha sabuni ya kufulia. Ndani yake mna fuwele zimepangwa safu moja. Zikiguswa na umeme hutetemeka, na kutetemeka huko ndiko sauti. Sauti inaingia mwilini. Kila inapokuta mpaka wa kitu na kitu, nyama na maji, maji na mfupa, sehemu yake inarudi, na sehemu inaendelea mbele. Ile inayorudi inazitetemesha fuwele zilezile, nazo zinatoa umeme. Mdomo na sikio ni kitu kimoja.

"Mbona mimi siisikii?" Kimya aliuliza. Alikuwa amesogeza sikio mpaka karibu na mkono wa Shangazi, na hakusikia hata mlio wa mbu.

"Sikio la mtu likijitahidi sana, linapokea mitetemo elfu ishirini kwa sekunde moja. Hii inatetemeka milioni tatu na nusu."

"Milioni?"

"Kwa sekunde moja. Na ninacho kichwa kingine cha milioni kumi. Kile kinaona vitu vidogo sana, lakini sauti yake haifiki mbali, inachokea njiani. Hicho ni cha shingo na ngozi. Cha mtoto tumboni ni hiki."

"Sasa mashine inajuaje kitu kiko wapi?"

"Wewe ulijuaje ukuta uko wapi?"

Kimya akafikiri. "Kwa kuchelewa kwake kunijibu."

"Ehe! Basi nayo inahesabu kuchelewa. Ndani ya mwili sauti inakimbia mita elfu moja mia tano na arobaini kwa sekunde. Chukua sekunde uikate vipande milioni moja. Kwenda kina cha sentimita moja na kurudi ni vipande kumi na vitatu tu."

Kimya alijaribu kuikata ile sekunde kichwani mwake, kama mtu anavyokata kitunguu. Ikamshinda kwenye kipande cha kumi. Akakaa chini, kwenye sakafu aliyoipiga deki mwenyewe.

Lililotushangaza sisi kuliko yote ni hili. Shangazi alisema kwamba muda wote wa ile mashine ukiugawa mafungu elfu moja, fungu moja tu, au hata halitimii, ndilo la kusema. Mafungu mengine yote ni ya kusikiliza. Inatamka neno moja fupi, inanyamaza, inangoja majibu yote yarudi, ya karibu kwanza na ya mbali baadaye. Ndipo inatamka tena. Na yale majibu ya mbali hufika yamechoka, kwa hiyo Shangazi ana vitufe vya kuyapandisha sauti. "Anayetoka ndani sana hafiki na nguvu," alisema, "nisipompandisha mimi atapotea."

Ukitazama kioo, kinachorudisha sauti nyingi ni cheupe. Kisichorudisha ni cheusi. Maji ni meusi kabisa, sauti inayapita kama mlango ulioachwa wazi. Mfupa ni mweupe, na nyuma yake kuna kivuli, kwa sababu umeirudisha karibu yote na haikubaki ya kuendelea. Kijiwe kwenye nyongo, hata kiwe kama punje ya mchele, kina kivuli chake. Kimya alikiona kivuli hicho kabla ya mwenye nyongo kuambiwa, na aliubana mdomo wake kwa mikono miwili.

"Na hewa?" aliuliza siku nyingine.

"Hewa ndiyo adui yangu," Shangazi alisema. "Sauti ikikuta hewa inarudi yote. Hewa ni ukuta. Ndiyo maana napaka jeli, ili kati ya kichwa hiki na ngozi ya mama pasibaki hewa hata unene wa unywele. Na ndiyo maana naambia watu wanywe maji wasiende chooni. Kibofu kikijaa kinausukuma utumbo wenye hewa pembeni, nami napata dirisha la kuchungulia."

Hapo ndipo mwenzetu wa mapokezi, tunayemwita Kaka Foleni, alipopata usemi wake. Akina mama waliojaa maji wakianza kuzunguka benchi, yeye huwaambia, "Vumilia, mama, hicho kibofu ni dirisha!" Bibi mmoja alimjibu mbele ya watu wote, "Dirisha gani, mwanangu? Huu ni mlango, na unakaribia kufunguka."

Kisha, Mheshimiwa, siku moja alikuja mama mwenye mimba ya wiki saba. Shangazi alizima taa ya chumba, akasogeza kile kichwa taratibu, akasimama. Katikati ya weusi wa maji palikuwa na kitu kidogo kama harage, na katikati ya harage kitu kilikuwa kikimetameta, haraka, bila kuchoka. Kimya alidhani kioo kimeharibika.

"Ni nini kile?"

"Moyo," alisema Shangazi, akiwaambia wote wawili, mama na mfagizi. "Ameanza juzijuzi tu. Hajapata hata uso, moyo umeshaanza kazi."

Mama yule akalia. Kimya akalia. Shangazi akasema, "Mkimaliza mnipe kitambaa, miwani imeingia ukungu." Moyo mdogo kuliko punje, na sauti isiyosikika imekwenda hadi pale, imerudi, imeleta habari. Hatuna neno la kuliweka hapo. Kimya alijaribu kulitafuta alipokuwa anaandika, akaacha nafasi tupu kwenye karatasi, na nafasi hiyo bado ipo.

Mafanikio

Hayo ndiyo mafanikio yetu. Akina mama wa vijiji vyote vya huku hawakusafiri tena saa tatu kwenda hospitali kubwa. Waliokuwa na mtoto aliyelala vibaya walijua mapema. Sisi wengine tulijifunza kuwatuliza kwenye benchi, kwa sababu tulijua kinachokwenda kutokea ndani na tulikuwa tunawaeleza: hakuna sindano, si mionzi kama ya eksirei, ni sauti tu, inakwenda kumsalimia mtoto na kurudi.

Kilichoharibika

Mwaka jana baridi ilikuwa kali. Jeli ikipakwa tumboni, akina mama walikuwa wanapiga kelele. "Jamani! Mmeitoa wapi hii, kaburini?" alisema mmoja, na tumbo lake likasinyaa lote. Kimya aliwaonea huruma. Akaichukua ile chupa ya jeli, akaipeleka kwa dobi wetu mkubwa, Mama Mvuke.

"Lete hapa, mwanangu," Mama Mvuke alisema. "Nina moto wa kuchemsha shuka mia, nitashindwa na kachupa kamoja?"

Akaitia kwenye beseni la maji ya moto. Ilipopata joto nje, akaishika akaitikisa ili joto lienee mpaka katikati, akaitikisa kwa mkono uliokamua shuka kwa miaka kumi na tisa. Hatukuona ubaya. Humu kituoni, Mheshimiwa, chupa karibu zote tunazozishika zimeandikwa "tikisa kabla ya kutumia". Ya kikohozi imeandikwa hivyo. Ya tumbo la watoto imeandikwa hivyo. Tulifikiri tunafanya kitaalamu. Kaka Foleni alipoipokea kuipeleka chumba namba sita, naye aliongeza mitikiso yake njiani, akijiona bwana dawa.

Akina mama walifurahi mno. "Leo mmenipaka maziwa ya uvuguvugu!" Shangazi aliuliza nani kafundishwa huruma, Kimya akatabasamu akainamisha uso. Ikawa desturi yetu. Kila boila likiwaka, chupa ya siku hiyo inapata joto lake, na kesho yake inafunguliwa nyingine.

Na kuanzia hapo picha zikaanza kuharibika. Si kila siku. Siku nyingine zilikuwa safi, siku nyingine kioo kilijaa ukungu na michirizi myeusi kutoka juu hadi chini, kama mvua inavyoonekana kwa mbali. Shangazi alibadilisha waya, akasafisha kichwa, akazima akawasha. Akaandika barua kuomba mafundi.

Ijumaa moja akaja mke wa fundi cherehani, mimba ya miezi minne. Shangazi akapaka jeli, akatafuta. Ukungu. Akafuta, akapaka nyingine kutoka chupa ileile, na kadiri alivyoongeza jeli ndivyo alivyoongeza ukungu. Kimya alikuwa ameshika mkono wa yule mama.

"Vipi, Shangazi? Yupo?" mama aliuliza.

"Ngoja kwanza, mwanangu."

Akatafuta tena.

"Shangazi, yupo?"

Shangazi hakujibu. Alikuwa amekunja uso, amesogea mpaka pua inagusa kioo. Kimya aliusikia mkono wa yule mama ukipoa ndani ya mkono wake.

"Leo sioni vizuri," Shangazi alisema mwishowe. "Nenda hospitali kubwa sasa hivi, wakutazame kule."

Alisema haoni. Hakusema zaidi ya hapo. Lakini mama yule alisikia kingine, na alisafiri saa tatu akimlilia mtoto ambaye, alipofika, moyo wake ulionekana kabla hajamaliza kulala vizuri kitandani. Mumewe akaandika malalamiko. Ana haki, hata sisi tungeandika.

Mafundi wakaja mara mbili, mara ya kwanza Jumatano, mara ya pili Alhamisi. Wakafungua chupa mpya kutoka stoo, wakapaka, picha ikatoka imetulia kama kioo kilichopanguswa. Ripoti yao ikasema mashine ni nzima, kasoro ni ya mtumiaji. Shangazi akahamishiwa chumba cha majalada. Mashine ikaamriwa ipelekwe hospitali kubwa, na gari la kuibeba linakuja Jumatatu hii. Barua ya amri hiyo ina sahihi yako, Mheshimiwa. Hatulisemi hili kwa ubaya. Tungeletewa ripoti ile, nasi tungesaini.

Jinsi tulivyojua

Chumba namba sita kilipofungwa, ufunguo ulibaki kwa Kimya. Aliendelea kukifagia ingawa hapakuwa na aliyekichafua. Asubuhi moja alikuwa akifuta rafu, akakuta chupa mbili za jeli. Moja ilikuwa ya Ijumaa ile ya mwisho. Nyingine haijawahi kutoka chumbani. Zote nyeupe, huwezi kuona ndani. Hajui hata leo kwa nini alifanya alichofanya. Alichomoa kipande kimoja cha kioo cha dirisha, akakamua tone la chupa hii na tone la chupa ile, akakiinua kwenye mwanga wa jua.

Tone moja lilikuwa angavu kama maji. Jingine lilijaa vitone vya hewa, vidogo, vingi, vimeganda humohumo, kama povu la sabuni lililokwama. Jeli ni nzito. Hewa ikishatikiswa ikaingia, haina pa kutokea.

Kimya alisimama akiwa amekiinua kile kioo, akihesabu siku. Jumanne na Ijumaa. Siku za moshi ndizo zilizokuwa siku za mvua kwenye kioo. Jumatano na Alhamisi boila limezimwa, na mafundi wamekuja. Hewa ni ukuta. Alikuwa ameambiwa kwa mdomo, miaka minne, na yeye ndiye aliyekuwa akiubeba ule ukuta mkononi, umepata joto, akiupeleka kwa Shangazi akitabasamu.

Akaenda na kioo chake mpaka chumba cha majalada.

"Shikamoo, Shangazi."

"Marahaba. Umekuja kunifagia na mimi?"

Kimya akapita kati ya majalada. Akampa kioo. Shangazi akakipeleka dirishani, akavua miwani, akaivaa tena.

"Nani aliitikisa?"

"Mimi ndiye niliyeipeleka."

"Sikukuuliza nani aliipeleka."

"Ilikuwa kwa ajili ya baridi, Shangazi. Walikuwa wanaumia."

Shangazi akakaa juu ya rundo la majalada. Tulidhani atakuwa amekasirika. Kimya anasema alianza kucheka, akacheka mpaka uzi wa miwani ukakatika. "Miaka ishirini na miwili," alisema, "nafundisha watu kwamba hewa ni ukuta. Kumbe nilikuwa naujenga mwenyewe, tofali baada ya tofali, kutoka kwenye chupa ambayo sikuwahi kuitazama kwenye mwanga." Kisha akaacha kucheka. "Umemwambia mtu?"

"Bado."

"Basi usimwambie. Mkataba wako unaisha lini?"

"Mwezi ujao."

"Unaona? Mimi nimebakiza mwaka na nusu nistaafu. Vumbi la majalada haliniui. Wewe wakikufukuza mama yako atamtegemea nani? Kaoshe hicho kioo."

Kimya alikuwa hajawahi kumkatalia Shangazi jambo. Siku hiyo hakukiosha. Alikifunga kwenye kitambaa akakileta kwenye kamba za kuanikia, akatuambia yote, na kwamba ataandika barua kujitaja. Mama Mvuke alidaka maneno.

"Nani kakwambia umetikisa wewe? Mkono ulikuwa wangu!"

"Ukaniachia mimi nimalizie," alisema Kaka Foleni.

"Wewe! Mitikiso yako mitatu ya njiani ndiyo unaiita kutikisa?"

Walikaribia kushikana mashati, kila mmoja anadai kosa ni lake. Mwisho tukakubaliana ni letu.

Mganga mkuu wetu alitusikiliza, na tunamshukuru mbele yako. Alifungua chumba saa ya chakula cha mchana, akamwita Shangazi. Mama Mvuke akajitolea tumbo lake. Kwa chupa ya kwanza ini lake lilionekana lote, na figo, na mshipa mkubwa ukipigapiga. "Nilidhani nina tumbo," alisema, "kumbe nina televisheni." Kwa chupa ya pili, mvua. Wakarudia ya kwanza, likarudi ini. Mganga mkuu akaandika ripoti. Akajibiwa kwamba jalada limeshafungwa.

Tunachoomba

Mgeni rasmi, mezani mbele yako kuna bahasha ambayo haimo kwenye ratiba. Ndani yake kuna picha mbili za tumbo la Mama Mvuke, na amekubali uzione. Pembeni kuna chupa mbili na kipande cha kioo cha dirisha. Jua la kutosha lipo. Hatuombi utuamini, tunaomba uinue kioo.

Ukishaona, tunaomba Shangazi arudi chumba namba sita, na ripoti iliyomwita mwenye kasoro iandikwe upya. Amekaa pale safu ya mwisho na hakujua tutasema haya. Sasa hivi anatutikisia kichwa tunyamaze. Samahani, Shangazi.

Tunaomba lile gari la Jumatatu lije kama linataka, lirudi tupu.

Kama ni lazima mtu aadhibiwe, majina yetu kumi na moja yako chini ya karatasi hii, na hatukuyapanga kwa ukubwa wa kosa. Mkataba wa mmoja wetu unaisha wiki mbili zijazo. Tumelisema ili ulijue. Hatukulisema ili utuonee huruma.

Na tunaomba tufundishwe. Tuliambiwa usiguse, tukatii. Laiti mtu mmoja angetuambia kwa nini jeli haitikiswi, hata Mama Mvuke angeipasha joto kwa upole, ikiwa imesimama, na akina mama wangepata joto na picha.

Yule mke wa fundi cherehani yupo hapa, ndiye mwenye kanga ya kijani, na mtoto wake ana miezi mitatu. Jana Kimya alimfuata nyumbani kumwomba msamaha. Alimsikiliza mpaka mwisho, akampa mtoto ambebe, akasema, "Sisi hatukumlalamikia mtu. Tulilalamikia kule kunyamaza. Mngeniambia mashine imeshindwa, ningesafiri nikiwa na hofu, lakini nisingesafiri nikiwa na msiba." Nalo tunaomba liandikwe mahali, likae ukutani, chumba namba sita.

Mheshimiwa, Mwenyezi Mungu akurudishe nyumbani salama, awape afya wote unaowahudumia, na aulinde kila moyo ulioanza kupiga leo ambao mama yake mwenyewe bado haujui. Jengo la kufulia ni zuri, na kesho shuka tutakazotandika zitanukia jua.

Tumesema fungu letu moja. Mengine yote yaliyobaki tumekuachia wewe, nasi tumenyamaza tunasikiliza.

Ni sisi,
Wafanyakazi wa ndoo, pasi na foleni,
walioitikisa chupa.